Nyie Mko Wangapi?

Ukitaka kujua ukoo wenu una mabaharia wangapi, tangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba mnatafuta chombo cha kukodi. Watu ambao maji makubwa waliyowahi kuyavuka ni Mto Ruvu, tena darajani, tena wakiwa wamelala kwenye basi, wataamka na maoni juu ya upepo, mkondo na nguvu ya mashine. Mjomba wangu wa Singida, ambaye mpaka leo bwawa la hoteli huliangalia akiwa ameshika nguzo, aliandika kwamba yeye binafsi hashauri boti ya faiba "kwa bahari ya namna ile". Bahari ya namna gani, hakusema. Watu kumi na moja wakamwekea dole gumba.

Chanzo cha yote ni sikukuu ya Nane Nane. Ukoo uliamua kwamba safari hii tusikutane nyumbani kwa Baba Mkubwa kula pilau na kusomewa mapato na matumizi, bali tuvuke kwenda Unguja, na siku moja tukodi chombo chetu wenyewe tuzunguke visiwani. Wazo zuri. Mambo yote yaliyowahi kunitoa fedha mfukoni yalianza kwa mtu kusema "wazo zuri". Ikaundwa kamati kuu. Kamati kuu ikazaa kamati ya malazi, ya chakula, ya sare na ya usafiri. Kamati ya usafiri, ilipogundua kwamba meli ya Dar es Salaam na Unguja inahitaji kukatiwa tiketi tu, ikaona haina hadhi, nayo ikazaa kamati ndogo ya chombo, ambayo mwenyekiti, katibu na wajumbe wake wote ni mimi. Sababu iliyotolewa ni kwamba nina uzoefu wa pwani kwa kuwa nimeishi Tanga. Niliishi Tanga nikiwa darasa la pili, na baharini nilikatazwa kwenda.

Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi tulikwenda mrama kabla ya kupata chombo.

Tulianza na swali la wapi. Vijana walitaka Mnemba kwa sababu wameiona kwenye simu. Nikawaeleza kwamba Mnemba ni kisiwa kilichokodishwa kwa hoteli, na kwamba kwa bei ya usiku mmoja pale mtu anaweza kulipia chumba Tabata mwaka mzima. Sisi wa vyombo vya kukodi hatushuki. Tunaogelea pembeni, kwenye matumbawe, tunakitazama kisiwa kwa mbali, na tunalipia ada ya hifadhi. Binamu yangu mmoja akajibu, "Picha haioneshi kama ulishuka au hukushuka." Hoja hiyo haikupata mpinzani, na mpaka leo sijaipatia jibu.

Wenye umri wa kati, yaani wale wenye mikopo, walitaka Ghuba ya Menai, huko kusini unakopandia Fumba. Kule kuna majahazi yenye tanga, kisiwa cha Kwale, mikoko, mafungu ya mchanga, na siku yako ikiwa njema, pomboo. Ghuba ile ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na samaki wanaochomwa kule husifiwa hata na wanaume ambao hawajawahi kusifu chakula cha nyumbani kwao. Shida ni kwamba kutoka mjini hadi Fumba mnahitaji basi la kukodi, na basi la kukodi kwetu sisi linahitaji kamati.

Wazee walitaka Changuu, wakaone kobe. Iko karibu, kilomita tano na ushei kutoka Mji Mkongwe, ina choo cha kueleweka, na ina historia ambayo mtu anaweza kurudi nayo Kondoa. Gereza lililojengwa pale miaka ya 1890 halikuwahi kufungiwa mfungwa. Kisiwa kikageuzwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Kobe nao si wenyeji: wa kwanza walikuwa wanne, wakatoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko. Wapo waliopita miaka mia, na umri wao umeandikwa mgongoni kwa rangi ili usijisumbue kuwauliza. Nawaonea gere. Miaka mia na zaidi, wala hakuna aliyewahi kuwateua kuwa kamati ndogo ya chombo.

Kwa kuwa hatukukubaliana, ikaazimiwa kwamba nitangulie kuvuka, nikakague vyombo, nilete taarifa. Nilitumwa na orodha ya maswali. Nimeitunza. Je, chombo kina spika? Kinaweza kupambwa kwa maputo? Keki itakatiwa wapi? Ni cheupe? Wifi mmoja aliuliza kama rangi ya chombo inaweza kuendana na sare. Orodha nzima, kurasa mbili, hakuna aliyeuliza kama chombo kina cheti, kama nahodha ana leseni, au kitatokea nini mashine ikizimika katikati ya Changuu na Bawe. Nilipolisema hilo kwenye kundi niliambiwa nisiwatie watu nuksi.

Pale Forodhani hutafuti chombo. Chombo kinakutafuta wewe, kwa kupitia papasi, yaani dalali wa mtaani. Kabla sijaweka mfuko chini nilikuwa nimeshaoneshwa vyombo saba ndani ya simu tatu. Kimoja kilinivutia sana: kirefu, cheupe, viti vya mto, sitaha inang'aa. Nyuma yake mlimani kulikuwa na nyumba nyeupe nyingi zenye mapaa ya buluu ya kuba. Nikauliza hapo ni Mkokotoni au Makoba. Kijana akaitazama picha kwa makini, akasema, "Hapo ilipelekwa safari."

Kwa macho yangu nilioneshwa chombo kingine, kimelala ubavu mchangani kikisubiri maji. Hapo ndipo yalipotokea mazungumzo ambayo nimeyasikia kwa kila mwenye chombo niliyeongea naye, yakibadilika sauti tu.

"Chombo chako kinachukua watu wangapi?"

"Nyie mko wangapi, kaka?"

"Mimi nakuuliza chombo."

"Na mimi nakuuliza nipate kukujibu vizuri."

"Tuko kumi na wawili."

"Basi kumi na wawili hasa. Na nafasi ya kunyoosha miguu."

"Samahani, nimesahau familia ya shemeji. Tuko ishirini na sita."

"Ishirini na sita mnakaa, tena kwa raha."

Nikajaribu arobaini. Akageuka, akakitazama chombo kwa huruma kidogo, akaniuliza, "Hao arobaini, wamo watoto?"

Nikahamia kwenye jaketi okozi. Zipo? Zipo tele. Ziko wapi? Nyumbani. Kwa nini ziko nyumbani? "Baharini zinaharibika, kaka. Chumvi." Alilisema hilo bila kutabasamu, mtu anayejua kutunza mali.

Na choo? Hili halikuwamo kwenye orodha ya kurasa mbili, lilikuwa ombi la faragha la Mama Mkubwa, ambaye ana sukari na ambaye kila safari yake huipima kwa vyoo vilivyomo njiani. Wanaume wa kamati walicheka. Mimi sikucheka, maana ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Kijana alinyoosha mkono kuelekea Pemba, Msumbiji na Bara Hindi kwa pamoja, akasema, "Bahari yote hii?"

Msomaji wangu, unaweza kudhani bei ndiyo jambo jepesi kuliko yote, kwa kuwa bei ni namba. Laki mbili na nusu, chombo kizima, nikaambiwa. Nikafurahi, nikaandika kwenye kundi, wakafurahi. Kumbe laki mbili na nusu ni chombo kama kilivyo, kimetulia. Kikitaka kwenda, kuna mafuta. Mkifika kisiwani, kuna kiingilio. Mkitaka kutazama samaki, kuna miwani ya kuzamia na mapezi, kwa kila kichwa. Turubai la kivuli linafungwa kwa makubaliano. Chakula ni bei nyingine, na chakula chenye kamba na pweza ni bei nyingine kuliko hiyo nyingine. Mkichelewa kurudi kuna saa za ziada. Nikasema jamani, hata mwenyeji? Akaniuliza mwenyeji wa wapi. Nikasema Tanga. Akaniuliza Tanga sehemu gani, na hapo mazungumzo ya punguzo yakafika mwisho.

Ushauri wangu kwenye hili ni mfupi: uliza bei ya siku nzima, ikiwa na mafuta, viingilio, chakula, kivuli na vifaa, iandikwe kwenye karatasi moja, mbele ya mtu atakayekuwamo ndani ya chombo siku hiyo. Papasi hatakuwamo. Papasi atakuwa pale Forodhani akiwaonesha wengine nyumba za mapaa ya buluu.

Aina ya chombo nayo ilitugawa. Boti za faiba zinakwenda kasi, lakini zikikutana na wimbi hulipiga, na kila pigo linahesabiwa na kiuno cha mtu mzima. Zile boti za ngalawa mbili zilizounganishwa, za wazungu, zina choo, zina vitanda vya kuotea jua, na zina bei iliyomfanya Mweka Hazina aondoke kwenye kundi kwa saa kadhaa. Jahazi au mashua ya mbao inakwenda polepole, inayumba kwa adabu, ina nafasi ya turubai na ya sufuria. Mimi nilielemea huko kwa sababu moja ambayo hakuna aliyeijali: mashua yenye mashine na tanga ina njia mbili za kurudi nyumbani, wakati boti yenye mashine moja ina moja tu, na ya pili ni kupiga simu, kama mtandao upo. Binamu akasema jahazi ni la watalii wazee. Nikamwambia sisi ni watalii, na nusu yetu ni wazee.

Pembeni kidogo, niseme la majina. Vyombo vyetu vya pwani huandikwa majina ubavuni au kwenye tezi, na majina yale yana hekima, lakini mtu anayetafuta chombo cha kupakia mama zake huyasoma kwa jicho lingine. Niliona kimoja kimeandikwa "Mungu Anajua". Sina ubishi kwamba anajua. Nilitaka kujua anajua nini hasa kuhusu mbao za chini. Kingine kiliitwa "Tutaonana", nikapita haraka.

Hapa naomba niache utani kwa aya moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Hizo zilikuwa meli. Sisi tunazungumzia mashua yenye turubai, na bado tunaona haya kumuuliza mwenye chombo karatasi zake, kana kwamba tunamtukana. Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na upande wa Bara kuna TASAC. Vyombo vinatakiwa visajiliwe na vikaguliwe. Idadi ya abiria si jambo la kuulizana "nyie mko wangapi". Cheti cha chombo ndicho chenye kujibu.

Haya. Nahodha niliyempata mwishoni alipatikana kwa sababu hakuwa akinitafuta. Mzee wa makamo, amekaa kivulini upande wa Shangani, anashona tanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kushona. Nikamweleza kuhusu ukoo. Akashona. Nikampigia Mjomba wa Singida na kuweka simu hewani, maana kamati kuu ilitaka kushiriki kila hatua.

"Siku hiyo mwezi ngapi?" nahodha akauliza.

"Mwezi wa nane, mzee," Mjomba akajibu kutoka Singida.

"Mwezi nane maji mafu."

"Si ndiyo nimesema!" Mjomba akaitikia kwa furaha, na wote wawili wakaridhika. Mmoja alikuwa akihesabu mwezi wa angani, mwingine kalenda ya ukutani, na kwa bahati ya ajabu hesabu zao ziligongana kwenye nane.

Kwa faida ya watu wa bara, ambao ndio waliotunga ratiba yetu, mambo yako hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inakuwa na bamvua: inajaa sana na inakupwa sana. Na kwa pwani hii, siku za bamvua maji hukupwa kuanzia kama saa nne hadi karibu na saa sita mchana. Hapo ndipo Nakupenda, lile fungu la mchanga karibu na Changuu ambalo kila mtu amelipiga picha, linapotoka lote, jeupe, refu, mtu anatandika mkeka na kula kamba. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama siku ya saba, nane au tisa, na tena ishirini na kitu, maji yanakuwa mafu. Hayakupwi sana, hayajai sana, na ile saa nne au tano ya mchana, badala ya kutoka, ndiyo yanajaa. Sisi tulichagua tarehe kwa kuangalia sikukuu, likizo na tiketi za basi la Singida. Mwezi hakuna aliyeutazama.

"Kwa hiyo fungu hatutaliona?" nikauliza.

"Mtalipita juu."

Nikamuuliza Mnemba je. Akasema Agosti kusi linavuma, na Mnemba iko upande wa kaskazini mashariki, bahari ya wazi. Wanaotaka kwenda huenda, lakini yeye hapeleki mama mwenye sukari kule kwa ajili ya picha. Upande huu wa magharibi, kisiwa cha Unguja chenyewe kinakinga upepo. Changuu, halafu Bawe kama watu hawajachoka, halafu nyumbani kabla ya alasiri. Na maji yakiwa yamejaa asubuhi, wazee watapanda karibu na ufukwe bila kutembezwa kwenye matope. Kumbe maji mafu nayo yana wema wake. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na sindano.

Kisha nikauliza lile swali. "Chombo chako kinachukua watu wangapi, mzee?"

"Ishirini."

Nilisubiri aniulize tuko wangapi. Hakuniuliza. Ikabidi niseme mwenyewe: tuko ishirini na sita, ila saba kati yetu ni watoto, tena wadogo, wanapakatwa.

"Mtoto akianguka majini si mtu?"

Sikuwa na jibu, na Mjomba alikuwa bado yuko hewani, naye kwa mara ya kwanza tangu safari ianze kupangwa hakuwa na maoni. Nahodha akatoa cheti kutoka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba, akanionesha namba. Akanionesha jaketi okozi, ziko chomboni, zimetundikwa kwenye kamba, na baadhi ni za watoto. Akasema tukitaka ishirini na sita tuchukue vyombo viwili, chake na cha mtoto wa kaka yake. Akataja bei ya vyote viwili, mafuta ndani, kivuli ndani, chakula ndani. Ilikuwa kubwa. Hakupunguza hata shilingi, na alirudi kwenye tanga lake kabla sijamaliza kulalamika.

Kwenye kundi kulichafuka. Nikaambiwa nimekutana na mzee mwenye majivuno. Nikaambiwa yuko mtu anajulikana na rafiki wa shemeji, anachukua hata thelathini. Nikaambiwa nimekula cha juu. Baba Mkubwa akaandika ujumbe mrefu kuhusu mshikamano, bila kusema kama anakubali au anakataa, akaumalizia kwa maua. Kilichoniokoa si hoja ya usalama, hiyo haikumwokoa mtu. Kilichoniokoa ni Shangazi na Wifi, ambao hawasemeshani tangu kikao cha mahari, kila mmoja akanipigia pembeni kuniambia kwamba vyombo viwili ni wazo zuri, na kwamba yeye angependa kujua mwenzake atapanda kipi. Jioni hiyo hoja ikapita bila kupigiwa kura. Nusu ya fedha ilitakiwa itangulie. Mweka Hazina akasema michango bado inaingia. Nikaitoa mimi.

Siku yenyewe sina mengi ya kusema, maana ilikwenda vizuri, na mambo yakienda vizuri safu hii hukosa kazi. Tulipangiwa saa tatu. Saa tatu na robo nahodha akang'oa nanga, na binamu wawili waliokwenda kutafuta barafu wakavuka kwa boti ya papasi, kwa bei ya papasi. Mama Mkubwa alikuja na sufuria la pilau ingawa chakula kilishalipiwa, akisema yeye hali kwa watu asiowajua. Nahodha hakukataa sufuria. Alikataa jiko la mkaa, na akasema hivyo hivyo kwa spika iliyokuwa kubwa kuliko mtoto.

Mgogoro uliokuwapo ulihusu jaketi okozi. Nahodha alitaka kila mtu avae, afunge vifungo, kuanzia ufukweni. Sasa kamati ya sare ilikuwa imeshona vitenge vya rangi moja kwa ukoo mzima, mabega yamejazwa, vifua vina marinda, na jaketi za rangi ya chungwa zilifunika kazi yote ya fundi wa Mbagala. Nilishitakiwa rasmi, pale pale, maji yakiwa magotini. Kwa nini sikuuliza rangi ya jaketi? Nikamwonesha Wifi ile orodha ya kurasa mbili: aliuliza rangi ya chombo, hakuuliza ya jaketi. Akavaa. Shangazi, kwenye chombo kingine, alikuwa ameshavaa zamani ili aonekane ndiye mwenye busara.

Changuu kobe walikuwapo. Mjomba wa Singida aliwalisha majani kwa karibu saa nzima, na kati yake na wao kulikuwa na maelewano ambayo sijayaona kati yake na binadamu. Choo kilikuwapo pia, na Mama Mkubwa alinitazama kwa jicho ambalo lilinilipa nusu ya gharama zangu. Tulipotoka, binamu wa picha alimsihi nahodha apite Nakupenda hata kama fungu limefunikwa. Akapita, akatia nanga pembeni. Vijana wakashuka, maji yakawafika mapajani, wakasimama wakiwa wamenyoosha mikono, ufukwe hakuna, kisiwa hakuna, ukoo wetu tu umesimama katikati ya bahari. Picha hiyo ilipata sifa nyingi kuliko picha za harusi ya binamu huyo. Mtu mmoja kutoka Mwanza aliuliza hapo ni wapi na kiingilio ni shilingi ngapi.

Bawe tuliiruka. Watu walikuwa wamechoka, na tangawizi ya kuzuia kichefuchefu ilikuwa imekwisha, sehemu kubwa ikiwa imenywewa na Mweka Hazina.

Sasa nimesikia kwamba mwakani wanataka kwenda Mafia, wakaone papa potwe, na kwamba kamati ndogo ya chombo imeongezewa muda bila kuulizwa. Nakubali kwa masharti. Nahodha atakuwa yule mwenye kutaja namba kabla ya kuuliza yetu. Tarehe itachaguliwa baada ya kutazama mwezi. Sare zitashonwa za rangi ya chungwa.

Na wale wanne mlioandika "natuma jioni" kwenye hesabu ya chombo cha pili: jioni zimeshakuwa nyingi. Mwenye chombo nilimmalizia siku ile ile, kwa hiyo deni si la nahodha tena, ni langu. Namba ni ile ile, na jina litakalotokea ni langu. Tumeni na ya kutolea.